Nilipiga picha ya ajali, mama akamtambua mwanawe kwa kifungo cha shati

Barua hii imefupishwa. Jibu lake nilimtumia kwanza aliyeiandika, na ninalichapisha kwa ruhusa yake. Mama anayetajwa humu hakuombwa ruhusa na mtu yeyote, kwa hiyo nimebadilisha mahali, siku na vitu vidogo ambavyo vingeweza kumtambulisha.

Barua

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26. Ni wakala wa pesa za simu katika kituo kimoja cha mabasi kando ya barabara kuu iendayo Morogoro kutoka Dar es Salaam. Kibanda changu kiko hatua kama mia moja kutoka mahali ambapo, takribani mwezi mmoja uliopita, lori liligongana na Noah iliyojaa abiria. Niliusikia mshindo, nikafunga droo ya fedha, nikakimbia.

Nilipofika, watu walikuwa bado wachache. Dereva wa lori alikuwa ameketi chini ameshika kichwa. Kijana mmoja alikuwa amelala chali kwenye majani, mguu mmoja umekunjika vibaya. Nilitoa simu nikapiga picha nne. Ninaliandika hili polepole kwa sababu nataka uelewe ni lipi lilitangulia: nilipiga picha kabla sijamgusa mtu yeyote. Kisha nikaandika katika kundi letu la WhatsApp la mtaa, lenye watu zaidi ya 200, "Jamani, ajali mbaya sana hapa kituoni, tuwaombee wenzetu," nikazituma zote nne. Baada ya hapo ndipo nikasaidia kumbeba mwanamke mmoja aliyevunjika mkono hadi kwenye gari la msamaria aliyesimama.

Zilipita kama dakika arobaini, picha mojawapo ikanirudia kupitia kundi la watu niliosoma nao shule ya msingi.

Mama wa kijana yule anauza vitumbua mtaa wa pili kutoka kwetu. Anafahamiana na mama yangu, wako kikoba kimoja. Hana simu janja. Binti wa jirani alikwenda kumwonyesha picha ile bila kujua, kama watu wanavyoonyeshana, ili wasikitike pamoja. Uso haukuonekana vizuri. Mama akaomba picha ikuzwe, akakiona kifungo cha tatu cha shati, ambacho kilikuwa cheusi na vingine vyote vyeupe. Alikuwa amekishona mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, kwa sababu hakupata kinachofanana na vingine. Waliokuwapo wanasema alitamka maneno matatu tu, "Huyu ni wangu," akaketi chini palepale kando ya jiko, vitumbua vikaungua.

Nilikwenda msibani siku zote za matanga. Siku ya pili nilikuwa karibu na mlango wa uani nikamsikia akiwaambia wanawake wenzake: "Aliyempiga picha mwanangu alikuwa na mikono miwili. Ningependa kumjua." Hakuna aliyemjibu. Picha imepita katika makundi mengi mno, na wale wa kundi letu walioona kwamba ilianzia kwangu ama wamesahau, ama wamenyamaza.

Sijui kama kijana yule alikuwa bado hai nilipokuwa nimesimama juu yake na simu. Jambo hili linaniamsha usiku.

Rafiki yangu, ambaye ndiye peke yake niliyemweleza, anasema sina kosa. Anasema dunia ya leo jambo lisilo na picha ni kama halikutokea, na ananikumbusha yaliyotokea nchini Oktoba 2025, watu walipouawa katika vurugu za uchaguzi mkuu, kwamba bila watu waliothubutu kupiga picha familia nyingi zingeambiwa wapendwa wao hawakufa. Ninapomsikiliza, hoja yake inanishinda. Ninapomwona mama yule akipita na beseni lake, inayeyuka yote.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa kuwa mimi ni wakala, familia iliniomba nipokee michango ya hitima ya arobaini kwa namba yangu. Kila shilingi nimeiandika daftarini na hakuna iliyopotea. Lakini mama amesema siku hiyo atanishukuru mbele ya watu kwa jinsi nilivyowasimamia. Hitima imebakiza siku kumi na moja. Picha bado ziko kwenye simu yangu. Nikitaka kuzifuta naona kama ninaficha kosa, nikiziacha naona kama ninamwacha mtoto wa watu amelala palepale majanini. Nifanye nini?

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo linalokuamsha usiku, kwa kuwa nisipoligusa hutasikia mengine. Kama kijana yule alikuwa hai au la wakati ule, wewe hujui, nami sijui, na yamkini hakuna atakayeweza kukuambia kwa hakika. Kwa hiyo usijitwike kifo chake. Kilichomuua ni ule mgongano, na wa kuuchunguza wapo. Lakini usilitumie hilo la kutojua kujiondolea lile unalolijua. Unajua kwamba mikono yako ilikuwa mitupu, ikachagua simu. Sekunde hizo ni zako, na nimefurahi kwamba umeziandika kwa mpangilio wake bila kutafuta pa kujificha, maana ungeweza kuanza barua na yule mwanamke uliyembeba, nami nisingejua.

Nakuomba pia, utakapokutana na mama huyo, usimpelekee shaka hii. Usimwambie "huenda alikuwa bado anapumua." Hilo ni jiwe lako, na ukimkabidhi atalibeba maisha yake yote, nawe utaondoka umepata nafuu. Akikuuliza mwenyewe, mjibu ukweli ulivyo: "Sijui, mama. Sikumgusa." Usiongeze wala usipunguze.

Sasa tulitazame kosa lenyewe, kwa sababu nadhani bado hujaliona lote. Unadhani kosa ni kupiga picha. Mimi naona zito zaidi ni kwamba picha yako ilivunja njia ambayo taarifa ya msiba hupita kwetu.

Unaijua njia hiyo. Simu hupigwa kwa mjomba au kwa mzee mmoja mwenye kifua. Mzee huyo hamwambii mama jambo lolote. Huwaita watu wazima wawili watatu, nao huwaita majirani, na majirani huanza kuingia mmoja mmoja kana kwamba wanapita tu. Mmoja anaepua chungu jikoni, mwingine anawachukua watoto wadogo, mwingine anaketi karibu na mama na kuanza mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu. Ataambiwa kwanza kwamba kijana amepata ajali, kisha kwamba hali yake si nzuri. Wakati neno lenyewe linapotamkwa, mama tayari amezungukwa na mikono ya kumdaka. Wasomi wengine huita huku kuzungukazunguka, wakisema mtu aelezwe ukweli moja kwa moja. Mimi nimekaa na wafiwa wengi, na ninaamini hakuna jambo ambalo watu wetu wamelifikiri kwa huruma zaidi kuliko hili. Mama wa kijana yule aliupokea msiba wake akiwa na mafuta ya moto mbele yake, mikononi mwa binti ambaye hakujua anachokionyesha. Picha ilifika kabla ya watu.

Halafu kuna sitara. Maiti anapooshwa, shuka hushikiliwa juu yake, wanaoingia ni wachache, na wanaotoka hawasimulii walichokiona, hata kama mwili ulikuwa umeharibika kiasi gani, na zaidi sana kama ulikuwa umeharibika. Tunasema mwosha naye huoshwa. Picha yako ilimtoa kijana huyo nje ya shuka, ikamweka mbele ya watu 200, na kwa hao 200 mbele ya watu ambao hutawajua kamwe. Mtu aliyekufa hawezi kuvuta nguo yake ikajifunika vizuri. Hufanyiwa hivyo na walio hai waliosimama karibu naye, na aliyekuwa karibu siku ile ni wewe.

Nije kwa rafiki yako, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa, na usipomjibu sasa atakushinda tena kesho. Ni kweli kwamba kuna picha ambazo zimezuia uongo usisimame. Mwezi Mei 2020, katika jiji la Minneapolis nchini Marekani, msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alimrekodi askari aliyemkandamiza George Floyd, Mmarekani mweusi, shingoni kwa goti hadi akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyepatwa na tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Bila simu ya msichana yule, huenda taarifa hiyo ndiyo ingebaki katika kumbukumbu. Kwa jirani zetu Nairobi, tarehe 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu wakati wa maandamano yaliyohusu kifo cha mwalimu Albert Ojwang mikononi mwa polisi. Tukio lilirekodiwa, na askari akafikishwa mahakamani. Wanaosema watu hao wangepaswa kuweka simu mfukoni kwa ajili ya heshima hawaelewi heshima ni nini.

Na yapo ya hapa kwetu, ambayo rafiki yako ameyataja. Baada ya tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Iliporudi, watu wakaanza kuonyeshana walichokihifadhi, na Jeshi la Polisi likatuma ujumbe katika simu zetu likionya dhidi ya kusambaza picha na video zenye kuleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu, kwamba ni kosa la jinai. Neno utu ni neno zuri, na ndilo ninalokukemea kwalo leo. Lakini ninaona wajibu wa kusema kwamba neno hilo linaweza kutumika kumfunika marehemu, na linaweza pia kutumika kumfunika aliyemuua. Familia inayotafuta mwili wa mtoto wake haidhalilishwi na picha inayoonyesha alipoangukia. Inadhalilishwa na kuambiwa kwamba hakuna kilichotokea. Novemba mwaka huohuo iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na tume ya namna hiyo haiwezi kuchunguza kitu ikiwa kila aliyeona ameogopa na kufuta. Kwa hiyo hapo rafiki yako yuko sahihi, nami simpingi.

Anapokosea ni pale anapozichukua picha zako nne na kuzipanga safu moja na hizo. Nani alikuwa amekana kwamba ajali ile imetokea? Lori lilikuwa palepale barabarani. Ulimtumia nani ambaye angeweza kufanya jambo kwa sababu ya kuiona? Kama ungepiga 114, ungewapata Zimamoto na Uokoaji. Kama ungepiga 112, ungewapata polisi. Ulizitumia dakika zile kuandika "tuwaombee wenzetu", na naamini ulimaanisha, lakini kumwombea mtu hakukuhitaji uso wake wala shati lake. Ujumbe uleule bila picha ungewaleta watu wale wale. Sikuambii kwamba ulifanya kwa ubaya. Nadhani ulifanya kama wengi tunavyofanya, kwa sababu jambo kubwa lilipotokea mbele yako hukustahimili kuwa peke yako nalo, ukataka wengine walione upesi ili uzito upungue. Ni jambo la kibinadamu kabisa. Uzito haukupungua, lakini. Ulihamia kwa mama.

Rafiki yako ajiulize pia ni nani aliyeombwa ruhusa. Mwaka 1955 kijana wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili huko Mississippi na watu weupe wenye chuki ya rangi. Mama yake, Mamie Till, alipopokea mwili Chicago, aliamua jeneza libaki wazi ili watu waone alichofanyiwa mwanawe, na akaruhusu picha zichapishwe. Picha zile ziliitikisa Marekani. Zilikuwa za kutisha kuliko zako, na hakuna mtu mwenye akili anayesema zilimdhalilisha mtoto yule, kwa sababu aliyelifungua jeneza ni mama aliyemzaa. Mama wa vitumbua hakufungua kitu. Alifunguliwa na watu wasiomjua, wakati hata hajajua kwamba kuna jeneza.

Mwaka 2019 tuliyaona mabishano haya waziwazi. Baada ya shambulio la tarehe 15 Januari katika majengo ya hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, lililoua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa wakiwa mezani. Wakenya wakaja juu, wakauliza kama gazeti hilo lingechapisha hivyo miili ya Wamarekani wa mtaa wao, na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likataka picha iondolewe. Gazeti lilijitetea kwamba wasomaji wana haki ya kuona ukatili ulivyo. Wakati ule niliwaunga mkono Wakenya, na ninawaunga mkono hata leo. Lakini kuna jambo lililonichoma, nalo ni kwamba picha za aina hiyohiyo zilikuwa zinazunguka katika simu zetu wenyewe, zikitumwa na watu waliokuwa wamekasirikia gazeti la kigeni. Tulidai kwa mhariri wa New York kitu ambacho hatukudai kwa shemeji yetu.

Nina kumbukumbu nyingine isiyonitoka, ya barabara hiyohiyo yako. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, petroli ikamwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Picha zilisambaa kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali, na pamoja na picha ikasambaa hukumu: walikuwa wanachota mafuta, wamejitakia. Picha ya mtu aliyeungua haiwezi kukuonyesha nani alikwenda na dumu, nani alikuwa anapita kwa pikipiki, nani alikwenda kumtoa mwenzake. Inaonyesha mwili tu, na kilichobaki mtazamaji hujijazia mwenyewe. Wapo waliozikwa wakiwa wameshahukumiwa katika makundi ya WhatsApp, na watoto wao wanaishi na hukumu hiyo. Ndiyo maana nasema picha ya maafa haisemi ukweli wote hata inapokuwa ya kweli. Anayeituma bila maelezo anapaswa kujua kwamba ametuma pia nafasi tupu, na watu wataijaza.

Sasa tuje kwenye la kufanya.

Je, umwambie mama? Kwa kawaida huwa ninasita mtu anaponiuliza hivi, kwa sababu mara nyingi anayekiri anatafuta usingizi wake mwenyewe, na mfiwa ndiye anayelipia. Kama mama yule angekuwa hajatamka neno kuhusu aliyepiga picha, ningekuambia ukae na kosa lako, urekebishe unachoweza kwa siri, umwache aomboleze. Lakini ametamka. Amesema angependa kumjua. Ameuliza swali mbele ya watu, na mwenye jibu alikuwa amekaa mlangoni. Kila siku unayopita mbele yake bila kujibu, humsitiri yeye, unajisitiri wewe. Hilo ndilo linalonifanya nikuambie uende.

Usiende peke yako, na usiende kwa mama moja kwa moja. Mwendee kwanza mjomba wa marehemu, au yeyote ambaye familia ilimtanguliza katika mazishi, umweleze yote. Yeye ndiye atakayejua siku gani mama ana nguvu na siku gani hana. Mchukue na mama yako mzazi, ingawa najua huyo ndiye unayemwogopa zaidi. Wanawake hawa wako kikoba kimoja, na jambo hili likifika kwa mama huyo kwa njia nyingine, wa kwanza kuaibika atakuwa mama yako, bila kosa.

Ukifika, useme maneno machache. Sema ulikuwapo, ulipiga picha, uliituma wewe, na kwamba ulimsikia akiuliza ukanyamaza. Usimweleze kuhusu usingizi wako. Usimwambie kila mtu hufanya hivyo. Usiseme "sikudhamiria", kwa sababu hilo atalijua akitaka kulijua, na likitoka kinywani mwako litakuwa kama unamtaka akutetee. Omba radhi, kisha nyamaza. Usimuulize kama amekusamehe. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza, anaweza kukaa kimya hadi mjomba akupe ishara ya kuondoka. Msamaha ni mali yake, na hana tarehe ya kuutoa.

Kuhusu picha zenyewe, unapigana na jambo ambalo lina njia rahisi kuliko unavyodhani. Picha zako zilipigwa dakika chache baada ya mgongano, kabla ya watu kukanyagakanyaga na magari kusogezwa. Ikiwa katika hizo nne iko inayoonyesha yalipokuwa magari au alama za matairi, hiyo ina kazi. Nenda nayo kituo cha polisi kinachoshughulikia ajali hiyo, waeleze ulivyoipata, uwaulize kama wanaihitaji. Hapo, kwa mara ya kwanza, picha yako itakuwa imefika kwa mtu anayeweza kuifanyia jambo. Zile zinazomwonyesha kijana tu, mwambie mjomba kwamba unazo, umuulize familia inataka ufanye nini. Najua ni ajabu kumuuliza mtu swali hilo. Lakini ndilo swali ambalo halikuulizwa siku ile, na ni haki yao kuulizwa hata kama limechelewa. Nadhani watakuambia ufute. Ukishafuta hapo, hutakuwa umeficha kitu.

Halafu rudi kwenye kundi la mtaa. Andika kwa jina lako kwamba picha za ajali zilitoka kwako, kwamba familia ya marehemu iliumizwa nazo, na kwamba unamwomba kila aliyezihifadhi azifute na aliyezituma kwingine aombe huko nako zifutwe. Hutazifikia zote. Utazifikia baadhi, na pia utakuwa umewaonyesha watu 200 jinsi jambo hili linavyosemwa. Fanya hivyo baada ya kuonana na mama, si kabla, ili asisikie tena habari yake kutoka kwa binti wa jirani.

Na kwa kuwa kibanda chako kiko pale, na barabara hiyo haitaacha kuwa na ajali, jifunze huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha. Jifunze jinsi ya kuzuia damu inayovuja kwa kitambaa na kiganja, jinsi ya kumlaza aliyezimia ili njia ya hewa isizibe, na kwa nini aliyeumia shingo hainuliwi na watu wanne kama gunia. Nunua kanga mbili uziweke chini ya meza yako, kwa sababu siku nyingine utamkuta mtu ambaye msaada pekee uliobaki ni kumfunika.

Limebaki la michango. Daftari umeliandika vizuri, na sina shaka na mkono wako. Usilitupe jukumu hilo ghafla, maana familia itahangaika na watu wataanza kuuliza maswali kuhusu fedha. Lakini utakapokwenda kwa mjomba, nenda na daftari pamoja na salio lote, uliweke mbele yake kabla hujafungua kinywa kuhusu picha, umwambie kwamba baada ya kusikia unachotaka kusema yuko huru kumkabidhi mtu mwingine. Akikuachia, endelea. Akilichukua, mkabidhi bila kuuliza sababu, ubadilishe na namba.

Usiache siku ya hitima ifike kabla ya hayo. Mama huyo amepanga kusimama mbele ya watu na kulitaja jina lako kwa shukrani, na akija kujua baadaye, shukrani yake itageuka kuwa kitu cha pili ulichomfanyia hadharani bila yeye kujua. Zimebaki siku kumi na moja. Mjomba umwone kesho, baada ya kufunga kibanda.